Nguruwe wa Loretta

New Castle, Pennsylvania
14 Oktoba

Mama mdogo mpendwa,

Pokea salamu zetu wote, uwape na masista unaokaa nao, hata yule mlinda mlango aliyeninyima biskuti ya pili nilipokuwa na miaka sita. Najua jina lako la utawa ni Sista Maria Agnese, lakini kalamu yangu inagoma. Nimekujua kwa jina la Loretta kutoka kinywani mwa mama, na hapo ndipo nilipokwamia. Nisamehe.

Sisi ni wazima, tunasukuma siku. Bettina ameanza chekechea. Kila siku anarudi na kiatu kimoja kimefunguka na hadithi ndefu ya nani kamsukuma nani. Carmine ana miezi minane, anaota meno mawili kwa mpigo, na nyumba nzima tunaota naye. Mume wangu Rudy bado yuko na wale wa mabomba ya gesi, wiki mbili kazini, wiki moja nyumbani. Mimi nagawa chakula kwenye jiko la shule kama zamani. Nikirudi nanuka maziwa na viazi.

Sasa jambo lenyewe. Mama ametoka hospitali tangu tarehe mbili. Kiharusi kimemchukua mkono wa kulia na maneno mengi. Tumehamia kwake, maana habari ya kuondoka nyumbani kwake hakutaka hata kuisikia, na kitanda chake tumekishusha sebuleni. Anakula vijiko vitatu vya zile tambi ndogo za watoto kwenye mchuzi wa kuku, cha nne anageuza uso ukutani. Juzi nilimwambia, "Ma, basi sema unataka nini. Chochote. Hata mawe nitayachemsha." Akafumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema, wazi kabisa, "Nguruwe wa Loretta."

Nimeshangaa. Maisha yangu yote sijamwona mama akila nguruwe. Kwenye sikukuu ya parokia watu wakigombania mikate iliyojazwa nyama ya nguruwe, yeye alikuwa akisema inamletea kiungulia, akajipatia zeituni zake kando.

Huyo nguruwe wewe ulimpikaje? Ninacho kile chungu cha umeme kinachopika polepole, zawadi ya mama mkwe. Unapanga nyama asubuhi, unakwenda kazini, jioni inaachana yenyewe kwa uma. Kwa mtu asiyeweza kutafuna sawasawa, naona ndicho chenyewe.

Nijibu upesi.

Mwanao,
Nicolina


Monasterini, Ohio
3 Novemba

Nicolina mwanangu,

Amani iwe juu ya nyumba yenu na kila aliyelala ndani yake. Huku tumemaliza kuchuma tufaha. Sista Placida alianguka ngazini akiwa na kikapu, yeye hakuumia, tufaha ziliumia, kwa hiyo wiki hii tunakula tufaha za kupika asubuhi, mchana na jioni. Tumebaki kumi na mmoja. Mwambie Bettina nimemcheka kwa upendo.

Habari ya dada yangu nimeipokea kwa magoti.

Sisi hapa hatuli nyama, lakini mikono haisahau. Nunua bega la nguruwe, uzito pauni nne, lenye mafuta yake. Ukipata lisilo na mafuta, mrudishie mwuzaji. Twanga mbegu za shamari vijiko viwili, vitunguu saumu sita, rozmari, oregano, chumvi na pilipili kidogo. Toboa nyama kwa kisu na usukumie viungo ndani ya matundu kwa kidole, usipake juu tu kama mtu anayepaka ukuta rangi. Ilale hivyo kwenye friji hadi asubuhi. Ikaange pande zote ipate rangi, kisha iweke chunguni, mimina kikombe cha divai nyeupe na kopo moja la nyanya zilizopondwa. Mimi nilitumia tanuri, moto mdogo sana, lakini hicho chungu chako nadhani kinafuata njia ileile. Iache kwa muda wa saa nane, na mfuniko usiguswe. Ichambue kwa uma mbili, irudishe kwenye mchuzi wake inywe nusu saa.

Ulikuwa mlo wa siku moja tu, zamani sana. Sijui kwa nini ameukumbuka.

Kumbuka kwamba wakati wa Majilio, hadi Noeli ipite, hatuandiki wala hatupokei barua. Ukiwa na neno, liwahi.

Mama mdogo wako,
Sr. Maria Agnese (Loretta)


New Castle
20 Novemba

Mama mdogo,

Natumaini tufaha zimekwisha. Sisi Carmine amepata meno yake na ameyajaribu kwenye bega langu. Rudy alikuwepo wiki iliyopita, akarekebisha ngazi ya kushukia jiko la chini ya nyumba, akaondoka tena.

Nyama nimeipika mara mbili. Ya kwanza iliuawa na comare Assunta, rafiki wa mama hapa jirani, aliyekuja kukaa na mama nikiwa kazini. Nilimwambia, "Comare, mfuniko huo usiuguse, ukifunua joto linakimbia." Akajibu, "Mimi nimepika kabla mama yako hajavaa viatu." Niliporudi nyama ilikuwa ngumu kama soli. Kumbe alikuwa anafunua kila robo saa, anaonja, anaongeza divai.

"Umefunua mara ngapi?" nikamwuliza.

"Sikuhesabu. Nyama isiyochunguliwa hujiona yatima!"

"Na divai imekwenda wapi?"

"Nyingine chunguni," akasema, akaanza kutafuta koti lake.

Mama alicheka, mama mdogo. Kwa upande mmoja wa uso, lakini alicheka. Kwa ajili hiyo nimemsamehe Assunta.

Ya pili nilipika Jumapili nikailinda mwenyewe. Ilitoka laini, inaning'inia kwenye uma, shamari imeingia hadi mfupani. Bettina alikula mikate miwili. Nikamletea mama kwenye kisahani, nimeisaga kwa uma. Akanusa. Macho yakamjaa machozi. Nikasogeza kijiko, akafunga mdomo.

"Ma, ni yenyewe. Loretta mwenyewe ameniandikia."

Akasema, "Bado."

"Bado nini?"

"Hajarudi."

Nini maana yake? Nijibu kabla ya Majilio kama waweza.

Nicolina


Monasterini
3 Januari

Nicolina mwanangu,

Heri ya mwaka mpya, na heri ya Noeli iliyopita bila sisi kusalimiana. Barua yako iliingia siku moja baada ya mlango wa barua kufungwa, ikanisubiri mezani kwa Mama Mkuu. Huku theluji imetuzika hadi madirishani. Sista Placida anatengeneza glovu kwa ajili ya wote, zote za mkono wa kushoto.

Nimefurahi nyama ilitoka laini. Kama haikumvutia, ongeza shamari, na maganda ya chungwa kidogo. Pengine mkate uwe wa jana, uloweke kwenye mchuzi, umpe mkate kwanza.

Wagonjwa husema mengi. Namwombea kila saa ya sala.

Loretta


New Castle
26 Januari

Mama mdogo,

Sisi hatujambo. Bettina alipata mafua, akampa Carmine, Carmine akanipa mimi. Rudy amekwama kwa theluji huko Ohio yenu.

Sikukuuliza habari za shamari. Nilikuuliza maana ya maneno ya mama.

Nimeongeza shamari, nimetia chungwa, nimelowesha mkate. Nimepika mabega matano tangu Novemba, na jikoni shuleni wananiuliza mbona nanuka sherehe kila siku. Mama sasa ana uzito wa pauni tisini na moja. Kila nikileta kisahani ananusa, analia, anasema "bado". Si kwamba hataki. Mtu asiyetaka hanusi vile. Daktari amezungumza habari ya kumtoboa tumbo na kumpitishia chakula kwa mpira. Ananiuliza mimi. Mimi ambaye siwezi hata kuamua Bettina avae soksi zipi.

Wewe unajua kitu. Sikulazimishi uje, najua mmeweka nadhiri, na hata kuzika ndugu hamtoki. Lakini simu ipo hapo kwenu. Mwombe Mama Mkuu dakika tano. Kwaresima inaanza tarehe kumi na nane Februari na nyinyi mtafunga tena mlango wa barua, nami nitabaki nikizungumza na chungu.

Nakupenda. Nijibu ninachouliza.

Nicolina


Monasterini
13 Februari

Nicolina mwanangu,

Natuma pole za mafua. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyosoma kitabu chochote kitakatifu, Mungu anisamehe.

Kuna jambo, ndiyo. Siwezi kuliandika bado. Kila nikianza kengele inapigwa, nami naishukuru kengele.

Mama Mkuu ana huruma. Ameniita akasema kwa sababu ya ugonjwa wa dada yangu ataniruhusu nipokee barua zako Kwaresima yote, na simu pia. Nilikaa siku mbili nikifikiri. Nimemjibu kwamba sitapokea. Kwaresima wengine wanatoa sadaka ya kujinyima sukari, wengine wanatoa mto wa kulalia. Mimi sina kitu ninachokipenda kuzidi habari za dada yangu Filomena, kwa hiyo hizo ndizo nitakazotoa, siku arobaini, ili Mungu amrudishie hamu ya kula. Barua zako zitakaa mezani kwa Mama Mkuu hadi Jumatatu ya Pasaka, hazijafunguliwa.

Usinikasirikie. Ni sadaka kubwa kuliko zote nilizowahi kutoa.

Loretta


New Castle
10 Machi

Mama mdogo,

Salamu kwa bahasha hii na kwa meza itakayoilalia.

Watoto wazima. Carmine anatambaa. Rudy alikuja, tukagombana kwa ajili ya sabuni, akaondoka kabla hatujapatana.

Nimekukasirikia. Niliisoma barua yako nimesimama kwenye jiko la chini, nikacheka kama mwendawazimu, nikakaa kwenye ngazi nikalia. Nani amekuambia Mungu ana njaa ya barua zangu? Mama ndiye mwenye njaa.

Habari ya mpira nimeamua peke yangu. Nilimweleza mama polepole, nikamwonyesha kwa kidole tumboni mahali utakapopita. Akaushika mkono wangu kwa ule wake mzima, akautoa pale tumboni, akauweka mapajani mwangu. Mara mbili. Daktari alikuwepo, aliona. Basi hautawekwa. Siku hizi anakuja muuguzi wa wale wasiorudi hospitali. Ni mwema, ana sauti ya chini. Alinionyesha jinsi ya kumlowesha midomo kwa kitambaa. Nilimwambia najua, nina mtoto mdogo. Akasema, "Basi unajua kila kitu." Sijui chochote.

Bado napika kila Jumapili. Najua ni ujinga. Lakini mama anapenda harufu, basi namtengenezea harufu. Nyama tunakula sisi, na Assunta, ambaye sasa mfuniko anauogopa kama kituo cha polisi.

Nicolina


New Castle
4 Aprili, Jumamosi Kuu

Mama mdogo,

Salamu. Watoto wamelala mchana, nina nusu saa.

Jana asubuhi mama, aliyekuwa hajasema neno siku tisa, alifungua macho akasema, "Nguruwe." Ijumaa Kuu! Assunta akaruka kitini. "Leo? Leo hata paka wangu anakula dagaa!" Nikampigia padre. Akasema mgonjwa hafungwi na mfungo, mpe, mpe upesi. Nikakimbilia dukani. Mwuza nyama alinifungia lile bega huku akinitazama kama kwamba mimi ndiye niliyeshika nyundo pale msalabani.

Sikuwa na muda wa kuilaza kwenye viungo. Nilitoboa, nikasukumia, nikatia chunguni saa tatu asubuhi. Kile chungu hakijui haraka, mama mdogo. Unaweza kukiombea, kukitukana, kukikumbatia, kinatokota vilevile, puf, puf, kama mzee anayevuta kiko. Nilipanda na kushuka ngazi mara arobaini. Mchana wote mama alikuwa macho, pua yake ikifuata harufu. Kinywa kilikuwa wazi kidogo. Nilifikiri, leo.

Saa kumi na moja jioni niliichambua. Nilichukua nyuzi tatu nne, nikazitia mchuzi, nikasogeza. Midomo ikagusa uma. Akaniuliza, "Loretta yuko wapi?"

Ningeweza kusema yuko jiko la chini, anafua aproni, anapanda sasa hivi. Assunta nyuma yangu alinifinya mgongo kabisa, anataka niseme hivyo. Sikusema. Mama hakunilea nimdanganye akiwa na uma mdomoni.

"Yuko Ohio, Ma. Yuko na masista."

"Basi bado," akasema, akafunga mdomo.

Nimepiga simu kwenu jana hiyohiyo. Aliyepokea akasema mko kwenye kimya cha zile siku tatu kuu za kuelekea Pasaka. Nikamwambia sitaki kuvunja kimya cha mtu, amwambie tu Loretta afungue barua zangu.

Sijui kama nilifanya vizuri kutodanganya.

N.


Monasterini
6 Aprili, Jumatatu ya Pasaka

Nicolina mwanangu,

Amefufuka. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo tunavyoamkiana leo. Mama Mkuu amenipa barua yako ya Machi na ujumbe wako wa Ijumaa. Kama uliandika nyingine, haijafika.

Nitakuambia sasa.

Mama yetu alipokufa mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Filomena ndiye aliyenilea. Aliachana na mchumba wa kwanza kwa sababu huyo hakutaka kunichukua. Nilipofika miaka ishirini na miwili nilimwambia naingia utawani, ndani ya kuta, moja kwa moja. Hakubishana. Jumapili kabla ya kuondoka nilipika bega la nguruwe kwa ukoo wote, watu ishirini na sita, mezani hadi uani. Filomena alimpakulia kila mtu. Sahani yake ilikuwa tupu. Nikamwambia, "Filo, kula basi." Akasema, "Nitaila siku utakayorudi." Watu wakacheka, wakadhani ni utani. Akaichukua ile sahani safi akaenda kuiosha.

Miaka arobaini na mitatu. Kila mwaka alikuja mara mbili, akakaa upande wa pili wa kimia cha chuma kinachotutenga na wageni, akaniletea biskuti, hakuonja hata moja mbele yangu. Hatukulitaja kamwe.

Sikukuambia kwa sababu ungeniuliza, basi mbona huji? Nami ningesema ni sheria, na ungejua kwamba hata ruhusa yenyewe sijawahi kuiomba. Nilijificha ndani ya sadaka. Nimeyaona hayo leo asubuhi tu, mbele ya barua yako.

Jumatano saa nne asubuhi nitapiga simu. Weka simu sikioni mwake. Nitamwambia nimerudi, nitamwambia ale.

Loretta


New Castle
15 Aprili

Mama mdogo,

Pokea salamu, na pole. Bettina anakusalimu; anauliza kama ni wewe uliyekuwa unalia kwenye simu. Carmine amesimama peke yake mara moja, akashangaa, akakaa. Rudy yuko nyumbani tangu Alhamisi, amepewa siku kumi. Tulimzika mama Jumatatu kando ya baba. Maua yenu yalifika, na barua ya Mama Mkuu. Nilijua hutaweza kuja, nikakuwekea kiti kanisani hata hivyo, Assunta akaweka mkoba wake.

Wewe ulisikia upande wako wa ile simu. Nakuandikia upande wangu, maana hukuuona.

Muuguzi alikuwa amekuja asubuhi ile saa mbili. Alinieleza kwamba mama hamezi tena. Tangu Jumatatu koo limeacha kazi. Akasema nisimpe kitu chochote kwa mdomo, hata maji ya kijiko, kitapita njia mbaya kitamzamisha. Nilimwelewa. Kisha ukapiga simu.

Niliweka simu sikioni mwake nikasimama. Sikusikia maneno, nilisikia sauti yako tu, kama mdudu kwenye chupa. Ulizungumza dakika kumi na moja. Dakika nane za kwanza mama hakutikisika, nikafikiri hasikii. Kisha akafungua kinywa.

Si kwamba kililegea, mama mdogo. Alikifungua. Kipana, kama Carmine anapoona kijiko, na akakiacha wazi, akinitazama. Alikuwa anasubiri kulishwa.

Nami nilikuwa nimekatazwa. Jiko la chini kulikuwa na nyama ya Jumapili, bakuli zima, laini kuliko zote nilizopika. Sikujua la kufanya na mikono yangu. Nilishuka nikachovya kidole kwenye mchuzi ulioganda, nikapanda mbio, nikampaka kwenye ulimi, tone tu, na mafuta yake. Nikageuza kichwa chake pembeni kama nilivyofundishwa. Akafunga mdomo. Alikaa nao umefungwa, shavu likisogea, muda mrefu kuliko tone linavyostahili. Baada ya hapo hakuufungua tena. Alikufa Ijumaa alfajiri.

Kwa hiyo alikusikia, na alikubali. Hilo ni lako, liweke unapoweka vitu vyako.

La pili pia nakuambia, kwa sababu nakupenda na kwa sababu mama hayupo wa kukuambia. Februari alikuwa bado anatafuna kidogo. Machi alikuwa anameza. Ungepiga simu siku ile Mama Mkuu alipokuruhusu, angekula sahani nzima na kuomba mkate wa kufutia mchuzi. Asingepona. Daktari amesema asingepona. Lakini angekula. Sikuandikii haya ili usilale. Nakuandikia kwa sababu nyumba hii watu wamenyamaza miaka arobaini na mitatu kwa heshima, nami nimechoka, nina watoto wawili.

Mimi nimebaki nawe tu upande wa mama. Kwaresima ijayo nitaandika, na Majilio pia, na bahasha utazifungua siku zinapofika. Toa sukari. Toa mto. Ukitaka kuniombea, niombee huku unanijibu.

Bettina amenipokonya kalamu, nimemnyang'anya. Nasubiri barua.

Nicolina